Barabara inayokatikia kinamasini: ni kazi ya njaa au ya kabaila?

Swali: Naishi Westport, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, na siku za mapumziko hupanda milima. Juzi nimekuta njia iliyoota majani, kuta za mawe kushoto na kulia, inapanda vizuri kabisa halafu inakatikia kinamasini. Mbele hakuna nyumba wala shamba. Mzee wa jirani kaniambia hiyo ni "barabara ya njaa", ya wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1840: kabaila aliwajengesha watu huku wakifa, na nisipite pale bila kipande cha mkate mfukoni. Je, ni kweli? Na nitajuaje umri wa barabara?

Jibu: Dada, huenda mzee wako yuko sawa kuhusu mahali na amekosea kuhusu mtu. Masimulizi ya vijijini Ireland hushika mahali sawasawa, lakini tarehe na majina huyaacha yateleze. Kwa hiyo anza na ardhi, nenda kwenye ramani, kisha rudi kwa mzee ukiwa na maswali makali zaidi.

Simama katikati ya njia uangalie inavyoukabili mlima. Njia za zamani kabisa zilitumiwa na waenda kwa miguu, farasi wa mizigo na magari ya kuburuta yasiyo na magurudumu. Mwinuko haukuwa tatizo kwao. Tatizo lilikuwa maji. Kwa hiyo hupita mgongoni mwa kilima, hukwepa mabonde, na huvuka mto penye kina kifupi, pasipo na daraja. Neno la Kiayalandi la barabara, *bóthar*, limetokana na *bó*, yaani ng'ombe, na faharasa ya kale inayoitwa ya Cormac, yenye umri wa miaka kama 1,100, inatoa kipimo chake: waenee ng'ombe wawili, mmoja kwa urefu wa njia na mwingine amekingama. Mfugaji yeyote atakipata kipimo hicho bila kamba.

Palipokuwa na kinamasi, watu walitandika mbao. Barabara maarufu ya aina hiyo iko Corlea, kaunti ya Longford: mbao za mwaloni ambazo pete zake zimeonyesha kuwa miti ilikatwa mwaka 148 KK. Zilikuwa nzito mno, zikazama kinamasini baada ya miaka michache tu, na huko kuzama ndiko kulikozihifadhi. Njia ya namna hiyo huitwa *tóchar*, na kwenye vibao utaiona kama Togher. Kwenu Mayo kuna Tochar Phádraig, njia ya mahujaji ya kilomita 35 hivi kutoka abasia ya Ballintubber hadi mlima Croagh Patrick. Majina ya mahali yanayoanza na Boher au Ballagh nayo yanakudokezea kuwa pale palipita watu kabla mpima ardhi hajafika.

Barabara iliyonyooka kama uzi, ikipanda na kushuka vilima bila kukata kona, kwa kawaida ni ya karne ya 18. Hapo ndipo kabaila anapoingia, na utaratibu wake ni vizuri uuelewe, kwa sababu nusu ya malalamiko utakayoyasikia yanatoka humo. Sheria ya 1615 iliwataka watu wa kila parokia wafanye kazi ya barabara siku 6 kwa mwaka bila malipo. Mwaka 1763 wakulima wa Ulster, jimbo la kaskazini, waliojiita Hearts of Oak kwa sababu ya matawi ya mwaloni waliyochomeka kofiani, waliasi kazi hiyo pamoja na kodi zake, na miaka 2 baadaye siku zile 6 zikafutwa. Kuanzia hapo barabara zilijengwa kwa fedha zilizopitishwa na baraza la kaunti lililoitwa Grand Jury. Wajumbe wake walikuwa wenye ardhi wakubwa. Mmoja wao analeta ombi la barabara, majirani zake wanapitisha, na fedha zinatoka kwenye kodi ya kaunti. Kodi hiyo haikumdai mwenye ardhi, ilimdai anayeilima. Mzee akikuambia "kabaila alijengewa barabara ya kwenda kwake na sisi tukalipa", hapo hajatia chumvi hata kidogo.

Kuna alama nyingine ya karne hizo ambayo hata mtoto anaiona. Barabara inakuja imenyooka, ghafla inakunja kona kali, inazunguka ukuta wa mawe unaomzidi mtu kimo kwa kilomita moja au mbili, halafu inarudi kwenye mstari wake. Ndani ya ukuta ndiko kulikokuwa na jumba na bustani za kabaila. Barabara ya umma ilikuwa ikipita mbele ya madirisha yake, akaomba ihamishwe. Ukienda na mstari wa zamani kwa macho, mara nyingi utaona bonde dogo kwenye majani ya upande wa pili likiendelea kule ilikokuwa ikielekea.

Karne ya 19 ikaleta wahandisi. Alexander Nimmo alifanya kazi Connemara na Mayo miaka ya 1820, na Richard Griffith upande wa kusini. Barabara zao huufuata mlima kwa ubavu, mwinuko ni wa taratibu ili farasi avute gari bila kusimama. Kwa hiyo njia yako "inayopanda vizuri kabisa" inaelekea kuwa ya baada ya 1820 kuliko ya kabla yake.

Sasa tuje kwenye njaa yenyewe. Viazi viliharibiwa na bakajani, ukungu ule ule unaowasumbua wakulima wa Njombe na Nyandarua, kwa sehemu mwaka 1845 na karibu vyote mwaka 1846. Agosti 1846 bunge la London lilipitisha sheria ya kazi za umma: mwenye njaa apewe kazi badala ya chakula, gharama zirudishwe na kodi za wenyeji. Kwa kuwa kazi hizo zilitakiwa zisimfaidi mtu binafsi, kukausha maji kwenye shamba la mtu kukawa shida kuidhinishwa, na barabara ndizo zikabaki. Vilima vikakatwa, mabonde yakajazwa. Kufikia Machi 1847 waliokuwa kwenye kazi hizo walifika kama 714,000, wanaume, wanawake na watoto, katika baridi kali kuliko kawaida. Ujira ulikuwa kama peni 8 hadi 10 kwa siku, na penye kazi ya kipimo kila rundo la kokoto lilipimwa kabla ya malipo. Asiyekuwa na nguvu hakufikisha kipimo, na asiyefikisha kipimo hakuwa na cha kununulia chakula cha kumpa nguvu. Hata aliyelipwa, bei ya unga wa mahindi ilikuwa imeshamkimbia.

Huo unga nao una kisa chake. Mahindi yaliyoletwa kutoka Marekani yalikuwa ya punje ngumu, yalihitaji kusagwa mara mbili, na mama wa Mayo wa 1846 hakuwa amewahi kusonga wala kukoroga kitu kama hicho. Watu walikula uji uliochemshwa dakika chache na matumbo yakawakata. Kwa msomaji aliyekulia kwenye sufuria ya uji, hilo halihitaji maelezo.

Machi 20, 1847 ikaamriwa asilimia 20 ya wafanyakazi wapunguzwe, na wengine wafuate hatua kwa hatua, kwa kuwa serikali ilikuwa imeamua kugawa supu na uji badala ya kazi. Barabara ziliachwa pale jembe la mwisho lilipoishia, na ndiyo maana zipo zinazokatika katikati ya mlima. Ishara ya kutafuta ni hii: kitanda cha barabara kimeshachongwa kwenye ubavu wa mlima, lakini kokoto zinaishia mita kadhaa kabla ya kitanda kuisha, wakati mwingine na marundo ya mawe ambayo hayajapasuliwa yapo bado pembeni, yameota kuvu.

Utaona basi aliyejengesha ni idara ya serikali, Board of Works. Kabaila alikuwepo, maana yeye na wenzake ndio waliokaa vikao vya kuomba kazi, na mara nyingi kauli yake ndiyo iliyoamua nani aandikwe kwenye orodha. Ndiyo maana kumbukumbu imemning'inizia kazi nzima.

Lakini usikimbilie kuiita yako barabara ya njaa. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuichanganya na barabara ya kinamasi. Kinamasi cha Ireland ndicho ghala la kuni: udongo wake hukatwa vipande kama matofali, hukaushwa na kuchomwa jikoni. Barabara ya kwenda kuukata huishia kinamasini kwa sababu huko ndiko ilikokuwa inakwenda. Nyingi zilitengenezwa baada ya 1891 na Congested Districts Board, chombo kilichoundwa kusaidia maeneo maskini ya magharibi. Angalia mwisho wa njia: ukiona ardhi imekatwa kwa ngazi zilizonyooka, ukuta mweusi wa mita moja au mbili na sakafu tambarare chini yake, hapo palikatwa kuni, na hadithi ya njaa inahitaji ushahidi mwingine.

Ushahidi huo ni ramani mbili, zote zinaangaliwa bure mtandaoni. Ya kwanza ni ya Ordnance Survey, idara ya serikali ya kupima ramani, ya inchi 6 kwa maili. Mayo ilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1830, kabla ya njaa. Ya pili ni ya inchi 25 kwa maili, ya mwishoni mwa karne ya 19. Tafuta sehemu ile ile kwenye zote mbili. Ikiwa barabara imo kwenye ya kwanza, si ya njaa, hata mzee aape. Ikiwa haimo kwenye ya kwanza na imo kwenye ya pili, ilijengwa katikati, na njaa ni mojawapo tu ya uwezekano. Ikiwa haimo kwenye zote mbili na leo unaikanyaga, ni ya karibuni zaidi. Wakati uko hapo, hesabu vijumba vyeusi pembezoni mwa njia kwenye ramani ya kwanza, kisha uvihesabu kwenye ya pili. Tofauti hiyo ndiyo habari ya kijiji. Mwaka 1841 Ireland ilikuwa na watu milioni 8.2, mwaka 1851 wamebaki milioni 6.55.

Tahadhari moja kwenye umbali. Maili ya Kiayalandi ilikuwa yadi 2,240, yaani kilomita 2 na ziada kidogo, na ekari yao ilikuwa kama ekari 1.6 za kawaida. Jiwe la maili la zamani au simulizi ya "maili 6" inaweza kukupeleka kilomita 12 badala ya 10.

Sasa kabaila mwenyewe. Msomaji wa Kilifi au Malindi, anayejua habari za maskwota na mwenye ardhi asiyeonekana, hatapata shida hapa. Ardhi ilikuwa ya mtu aliyeishi pengine Dublin au London. Chini yake wakili wa kukusanya kodi. Chini ya wakili mtu wa kuswaga ng'ombe wa wadaiwa hadi zizi la kijiji, ambaye pwani tungemwita nokoa. Mara nyingi katikati kulikuwa na mpangaji mkubwa aliyekodi eneo zima na kulikatakata kwa wadogo. Simulizi huwaita wote hawa "kabaila". Captain Boycott wa Lough Mask, hapo hapo Mayo, aliyesusiwa mwaka 1880 hadi jina lake likawa kitenzi cha Kiingereza, alikuwa wakili wa Lord Erne. Ukienda kwenye Griffith's Valuation, orodha ya wakaaji wa nchi nzima iliyotolewa kati ya 1847 na 1864, kumbuka kwamba safu ya "aliyepangisha" humtaja aliyepokea kodi moja kwa moja, na huyo si lazima awe mwenye ardhi.

Kodi ililipwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Mei na Novemba. Mpangaji mpya aliruhusiwa kuchelewesha malipo ya kwanza kwa miezi 6. Inaonekana ni huruma. Kwa kweli ilimweka kwenye deni maisha yake yote, na wakili akawa na sababu ya kumtoa siku yoyote anayotaka. Njaa ilipokuja, sheria ikaongeza kuni: mwenye ardhi ndiye aliyelipa kodi ya kusaidia maskini kwa kila kijishamba chenye thamani ya pauni 4 au chini, na kuanzia Juni 1847 mwenye zaidi ya robo ekari hakupewa msaada mpaka aiachie. Kuwaondoa wadogo kukawa na faida kwenye daftari.

Masimulizi ya kufukuzwa yana kitu kimoja yanachokirudia kila kaunti: moto. Jiko la nyumba ya Kiayalandi halikuzimwa. Usiku makaa yalifukiwa majivuni, asubuhi yakafukuliwa, na zipo familia zilizojivunia moto wa vizazi. Maofisa walipokuja kukabidhi nyumba, walitoa watu, walitoa vyombo, na walizima moto huo. Wasimulizi hukumbuka nani alimwaga maji na ndoo ilikuwa ya nani, hata pale wanapokuwa wamesahau mwaka.

Mwaka unaweza kuupata kwa njia nyingine. Simulizi nyingi unazozisikia leo zina ndugu zake kwenye mkusanyo wa shule wa 1937 hadi 1939, ambapo wanafunzi wa kaunti 26 ambazo leo ni Jamhuri ya Ireland walitumwa kuwahoji wazee. Umewekwa mtandaoni kwa jina la Dúchas, na mada za barabara za zamani, kabaila na wakati wa njaa zimo. Piga hesabu: bibi wa miaka 80 mwaka 1938 alizaliwa 1858. Mapambano ya ardhi ya 1879 hadi 1882 aliyaona kwa macho, njaa alisimuliwa na mama yake. Akitaja gogo la kubomolea ukuta, hilo ni la miaka ya 1880. Wakati wa njaa walitumia mitaimbo. Simulizi yenye gogo na supu kwa pamoja imefungasha vipindi viwili kwenye kapu moja.

Mfano mzuri uko kusini mwa Westport, Doolough. Mwisho wa Machi 1849 watu wenye njaa walikusanyika Louisburgh kukaguliwa ili waendelee kupata msaada. Wakaguzi wakaenda kulala kwenye jumba la Delphi Lodge, zaidi ya kilomita 15 mbali, na amri ikatoka kwamba watu wafike huko asubuhi. Walitembea usiku kwenye baridi, wakaambiwa wasubiri wakubwa wamalize kula, wakarudishwa mikono mitupu, na wengine wakafia njiani. Simulizi hutaja wafu 400 au zaidi. Barua iliyochapishwa gazetini wakati ule ilitaja wachache mno kuliko hapo. Simulizi humlaumu kabaila, kwa kuwa jumba lilikuwa la Marquess wa Sligo, mwenye ardhi mkubwa. Waliowaita ni maofisa wa sheria ya maskini. Lakini njia waliyopita, mahali pa kuvuka mto, chakula mezani: hayo yameshikwa imara, na leo watu huitembea njia hiyo kila mwaka kuwakumbuka.

Zipo pia hadithi zinazohama, ambazo usizitafutie tarehe. Mgeni mtanashati anafika kwenye jumba la kabaila usiku wa dhoruba, wanacheza karata, karata inaanguka, msichana anainama kuiokota na chini ya meza anaona kwato. Huko Wexford wanaisimulia kuhusu Loftus Hall, na majumba mengine yanaidai pia. Yule jini wa kwato wa Mombasa angejisikia nyumbani. Laana ya mjane ni ya kundi hilo: nyasi zitaota mlangoni kwa kabaila na kunguru watajenga kwenye dohani. Majumba mengi yalichomwa kati ya 1920 na 1923, na laana nyingi zilianza kukumbukwa vizuri baada ya hapo.

Umeuliza mkate. Mzee anazungumzia *féar gorta*, nyasi za njaa: ukizikanyaga, njaa inakushika ghafla, magoti yanalegea, na ukikosa cha kutafuna unaweza usirudi. Dawa ni kipande cha mkate wa shayiri, hata makombo. Wengine husema nyasi hizo huota alipofia mtu wa njaa, wengine maiti ilipowekwa chini, wengine mtu alipokula bila kuwaachia makombo watu wa chini ya ardhi, yaani majini wa masimulizi ya Kiayalandi. Kwa hiyo imani hiyo haithibitishi kuwa barabara ni ya 1847. Ila mtu aliyepanda mlima kwa muda wa saa nne bila kula, kwenye mvua na upepo, sukari ya damu hushuka na dalili ni hizo hizo. Beba mkate. Ukipotelea kwenye ukungu uwanja unaoujua, wenyeji watakuambia umekanyaga *fód seachráin*, donge la kupoteza, na ugeuze koti ndani nje. Kusimama na kuhangaika na mikono ya koti kunakuzuia kukimbilia kinamasini, kwa hiyo nalo lina kazi yake.

Kwenye kinamasi, sehemu yenye kijani kibichi kinachong'aa ndiyo isiyobeba mtu. Pita penye majani ya kahawia. Ireland haina haki ya jumla ya kutembea kwenye mashamba ya watu, na imani kwamba palipopita jeneza pamekuwa njia ya umma si sheria. Bisha hodi kwa mkulima, mbwa abaki nyumbani, lango uliache ulivyolikuta. Ngome za duara za udongo, zile ambazo hakuna anayethubutu kuzikata miti kwa kuwaogopa hao watu wa chini ya ardhi, zinalindwa na sheria, na kifaa cha kutafutia chuma huruhusiwi kukitumia kutafuta vitu vya kale bila kibali.

Ukirudi kwa mzee, usimuulize "ni barabara ya njaa?" maana atasema ndiyo. Muulize iliitwaje na bibi yake, ilikuwa inakwenda kwa nani, kuni zilipita wapi, jeneza lilipita wapi. Na jina la kitongoji, lile dogo kabisa linaloshika mashamba machache tu, mwombe alitamke kwa Kiayalandi uliandike kama unavyolisikia, kisha ulilinganishe na lililoandikwa kwenye ramani. Orodha ya Griffith na daftari za wanafunzi zote hutafutwa kwa jina hilo, na bila lenyewe utakuwa unapekua kaunti nzima.